Michael Faraday, Mwana wa Mhunzi

1. Maji na taa

Kaskazini ya mji wa Kisangani uko mto Tshopo. Pale maji huanguka juu ya mawe kwa kishindo kikubwa, na mvuke wake huonekana toka mbali. Katika miaka ya 1950, mji ulipokuwa bado ukiitwa Stanleyville, mafundi walijenga hapo nyumba ya mitambo. Maji yakiongozwa ndani husukuma magurudumu makubwa. Magurudumu huzungusha mitambo. Umeme hutoka katika mitambo, ukafuata nyaya mpaka mjini.

Mtu akiyatazama maji yale haoni moto ndani yake, wala haoni mwanga. Maji ni baridi. Basi, inakuwaje maji baridi yawashe taa nyumbani?

Mtu aliyeifungua siri hiyo hakuuona mto Tshopo, wala hakufika Afrika. Aliishi Uingereza, akafa karibu miaka mia moja kabla ya kituo kile kujengwa. Hakuwa mtoto wa tajiri, wala hakusoma katika shule kubwa. Jina lake ni Michael Faraday.

2. Mkate mmoja kwa juma

Michael alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 karibu na mji wa London, kusini ya mto Thames. Baba yake, James Faraday, alikuwa mhunzi. Alifua chuma na kuwapiga farasi viatu. Mama yake aliitwa Margaret. Watoto wao walikuwa wanne, na Michael alikuwa wa tatu.

Baba alikuwa na bidii, lakini mwili wake ulikuwa dhaifu. Siku nyingi alilala kitandani, na nyundo ikakaa kimya. Mhunzi asipofua hapati kitu. Mwaka 1801 vyakula vilikuwa ghali sana katika Uingereza. Wakati huo Michael alipewa mkate mmoja tu, umtoshe juma zima. Alikuwa na miaka tisa.

Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Saa nyingine alikuwa nyumbani au barabarani. Hakujifunza hesabu za juu kamwe, na upungufu huo ulimfuata maisha yake yote. Lakini alijua kusoma vizuri, na jambo hilo ndilo lililomwokoa.

3. Vitabu vya watu wengine

Alipokuwa na miaka kumi na mitatu alitafutiwa kazi kwa muuzaji wa vitabu mmoja, jina lake George Riebau. Siku zile magazeti yalikuwa ghali, na watu waliyakodi kwa saa chache tu. Michael aliyapeleka nyumba hata nyumba, kisha akarudi kuyachukua ili yapelekwe kwa wengine. Alifanya hivyo kwa uaminifu mwaka mzima.

Mwaka 1805 Bwana Riebau alimwandika kuwa mwanafunzi wa kazi ya kujalidi vitabu, kwa muda wa miaka saba. Desturi ilikuwa wazazi watoe fedha ili mtoto afundishwe kazi. Riebau hakutaka fedha. Uaminifu wa kijana ulimtosha.

Michael alijifunza kushona kurasa, kupaka gundi na kukata ngozi ya majalada. Wenzake walivitazama vitabu kwa nje tu. Yeye alivisoma pia kwa ndani, kazi ya siku ilipokwisha. Siku moja aliletewa kitabu kikubwa cha maarifa yote ili akijalidi. Ndani yake alikuta habari za umeme, akazisoma mara nyingi. Akasoma tena kitabu cha mama mmoja, Jane Marcet, kilichoeleza kwa maneno mepesi jinsi vitu vinavyoungana na kutengana.

Hakuamini tu kwa sababu jambo limeandikwa. Alitaka kulijaribu kwa mikono yake. Kwa senti chache alizokuwa nazo alinunua chupa, akaanza majaribio madogo katika chumba cha duka.

Mwaka 1800 Mwitalia mmoja, Alessandro Volta, alikuwa ametengeneza betri ya kwanza. Alipanga vipande vya madini ya namna mbili kimoja juu ya kingine, na katikati yake akaweka vitambaa vilivyolowa maji ya chumvi. Umeme ukatoka bila kukoma upesi. Mwaka 1812 Michael alitengeneza betri kama ile. Alichukua sarafu saba za shaba, vipande saba vya zinki vyenye ukubwa ule ule, na vipande sita vya karatasi iliyolowa maji ya chumvi. Vitu hivyo vichache, ambavyo viliweza kukaa katika kiganja cha mkono, vilitoa umeme wa kweli.

4. Tiketi nne

Mwaka 1810 baba yake alikufa. Mama alibaki na shida nyingi. Kaka yake mkubwa, Robert, aliyekuwa mhunzi kama baba, alimpa Michael shilingi moja moja ili apate kuingia jioni katika mafundisho ya elimu ya vitu. Hivyo fedha ya nyundo ililipia masomo.

Kisha mteja mmoja wa duka akamhurumia, akampa tiketi nne za kwenda kumsikiliza Humphry Davy. Bwana huyu alikuwa mtaalamu mwenye sifa kuliko wote katika Uingereza. Alifundisha katika nyumba moja kubwa ya elimu mjini London, iitwayo Royal Institution. Watu wakubwa walijaa pale na magari yao ya farasi.

Mapema mwaka 1812 Michael alikwenda mara nne. Aliketi juu, akasikiliza, akaandika. Akirudi nyumbani aliandika tena kwa unadhifu, akachora picha za vyombo vyote alivyoviona. Kurasa zikawa zaidi ya 300. Kisha akazifanyia kazi aliyoijua vizuri: akazijalidi zikawa kitabu kizuri. Mwisho wa mwaka ule alimpelekea Davy mwenyewe kitabu hicho, pamoja na barua ya kuomba kazi yo yote.

Davy alipendezwa, lakini nafasi hakuwa nayo. Alimshauri asiache kazi ya kujalidi. Pengine kijana mwingine angekata tamaa. Michael alirudi kwenye gundi na sindano, akangoja.

Miezi michache ikapita. Mtumishi wa chumba cha majaribio alipigana na mwenzake, akafukuzwa. Ndipo Davy alipomkumbuka yule kijana mwenye kitabu. Tarehe 1 Machi 1813 Michael Faraday aliandikwa kazi. Alipata shilingi 25 kwa juma, na vyumba viwili juu kabisa ya nyumba. Kazi yake ilikuwa kuosha chupa, kuwasha moto na kuandaa vyombo vya mwalimu.

5. Safari ya Ulaya

Mwaka ule ule Davy alifunga safari ya kwenda Ufaransa na Italia, akamchukua Faraday. Uingereza na Ufaransa zilikuwa katika vita, lakini Napoleon aliwapa ruhusa kupita, kwa kuwa walikuwa watu wa elimu. Mjini Paris walionana na Ampère, na mjini Milan walimwona Volta, mzee wa betri. Mjini Florence walichoma almasi kwa kioo kikubwa kinachokusanya miali ya jua. Wakaona ya kuwa almasi ni makaa tu, ingawa yang'aa.

Hiyo ndiyo iliyokuwa shule kubwa ya Faraday. Lakini ilikuwa na uchungu wake. Mke wa Davy hakumhesabu kuwa mwanafunzi. Alimtuma kama boi, na mara nyingi hakumruhusu kula mezani pamoja nao. Faraday alitaka kuacha yote arudi nyumbani. Hata hivyo alivumilia, maana aliona kwamba akirudi ataikosa elimu aliyoitamani. Walirudi London mwaka 1815.

6. Waya unaozunguka

Mwaka 1820 mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Ørsted, aliona jambo la ajabu. Alipopitisha umeme katika waya karibu na dira, sindano ya dira iligeuka. Kumbe umeme na sumaku ni ndugu! Wataalamu wote wa Ulaya wakaanza kulichunguza jambo hilo.

Mwezi wa Septemba 1821 Faraday alimimina zebaki katika bakuli, akasimamisha sumaku katikati, akaning'iniza waya ambao ncha yake iligusa zebaki. Alipopitisha umeme wa betri, waya ukaanza kuizunguka sumaku, ukazunguka bila kuchoka. Hiyo ilikuwa mota ya kwanza. Feni, pampu za maji na mashine za kusaga unga zinazotumia umeme zimetoka katika bakuli lile.

Faraday alifurahi sana, akapeleka habari kwa wachapaji upesi. Hapo ndipo alipopatwa na taabu. Mtaalamu mmoja mwenye heshima, William Wollaston, alikuwa ameanza kutafuta jambo lililofanana na lile, akazungumza na Davy. Kazi ya Faraday ilikuwa tofauti, lakini hakumtaja Wollaston katika maandiko yake. Watu wakaanza kunong'ona ya kuwa mjalidi vitabu amemwibia bwana mkubwa wazo lake.

Maskini hana shamba wala jumba. Mali yake ni jina jema. Faraday aliona mali hiyo inamponyoka. Hakujificha. Alimwandikia Wollaston mwenyewe na kuomba waonane, ili amweleze yote. Wollaston hakumwekea kinyongo. Lakini manung'uniko hayakwisha, na Davy, mwalimu aliyemtoa dukani, hakumtetea. Faraday alipoombewa nafasi katika Royal Society, chama kikuu cha wataalamu, Davy ndiye aliyekuwa mkuu wa chama, naye alipinga. Faraday hakuliondoa jina lake. Mwezi wa Januari 1824 kura zilipigwa. Zote zilimkubali, isipokuwa moja.

Faraday hakulipa baya kwa baya. Davy alikufa mwaka 1829, na mpaka mwisho wa maisha yake Faraday alimtaja kwa heshima kama mwalimu wake.

7. Siku ya 29 Agosti 1831

Tangu siku zile Faraday alikuwa na swali moja moyoni. Umeme waweza kufanya sumaku. Je, sumaku haiwezi kufanya umeme?

Alijaribu mwaka 1825, hakuona kitu. Alijaribu tena mwaka 1828, hakuona kitu. Miaka mingi ilikatwa na kazi nyingine, hasa kazi ya kutengeneza vioo vya darubini. Lakini swali halikulala.

Mwezi wa Agosti 1831 alitengeneza pete ya chuma, nene kuliko kidole gumba, yenye upana wa sentimeta 15 hivi. Upande mmoja akazungushia waya wa shaba mara nyingi, kama uzi katika bobini ya cherehani. Mafundi nao huita waya uliozungushwa hivyo bobini. Upande wa pili akazungushia waya mwingine. Siku zile waya wenye kufunikwa mpira haukuuzwa. Kwa hiyo Faraday alitenga mizunguko ya waya kwa kamba na kitambaa, ili umeme usiruke njia. Kazi hiyo ilitaka vidole vyenye subira, na mtu aliyejalidi vitabu miaka saba alikuwa navyo.

Bobini ya kwanza aliiunga na betri. Bobini ya pili hakuiunga na betri yo yote. Aliuongoza waya wake mbali kidogo, ukapita juu ya sindano ya sumaku. Sindano ikisogea, ndiyo alama ya kuwa umeme umepita.

Tarehe 29 aliunga betri. Sindano ikashtuka! Ikatikisika, kisha ikarudi mahali pake, ikatulia. Betri ilikuwa bado inatoa umeme, lakini sindano haikusogea tena. Alipoikata betri, sindano ikashtuka mara ya pili.

Mtu asiye makini angefikiri kwamba meza imetikisika. Faraday alijiuliza: Kwa nini mwanzoni na mwishoni tu? Kwa nini si katikati?

Tarehe 17 Oktoba alipata jibu. Alichukua bobini yenye tundu katikati na sumaku iliyo kama fimbo fupi. Hapakuwa na betri. Aliisukuma sumaku ndani upesi, sindano ikasogea. Aliiacha sumaku itulie ndani, sindano ikalala. Aliichomoa, sindano ikasogea upande wa pili.

Hiyo ndiyo siri. Sumaku iliyotulia haitoi kitu, hata ikiwa na nguvu nyingi. Sumaku inayokwenda ndiyo inayosukuma umeme katika waya. Miaka yote watu walikuwa wakiweka sumaku karibu na waya na kungoja, lakini jambo lililotakiwa lilikuwa mwendo.

Tarehe 28 Oktoba alizungusha sahani ya shaba kati ya ncha mbili za sumaku kubwa sana. Sasa sindano haikushtuka na kurudi. Ilisogea ikakaa huko huko muda wote sahani ilipozunguka. Hiyo ilikuwa jenereta ya kwanza duniani. Katika Marekani mwalimu Joseph Henry aliona mambo yaliyofanana na hayo karibu na wakati ule, lakini Faraday alitangulia kuyatangaza.

8. Kutoka London hata Tshopo

Mwaka 1832 tu fundi mmoja wa Paris, Hippolyte Pixii, alitengeneza mashine ya kuzungusha sumaku kwa mkono mbele ya bobini. Baadaye watu waliacha mkono, wakatumia mvuke, kisha maji yanayoanguka.

Mtu anayetaka kuiona kazi ya Faraday kwa macho yake aitazame baiskeli yenye dinamo. Wenye toleka wa Kisangani wanaijua. Ndani ya dinamo mna sumaku ndogo na bobini. Gurudumu likizunguka, sumaku huzunguka, taa huwaka. Baiskeli ikienda mbio, taa hung'aa. Baiskeli ikisimama, giza. Kituo cha Tshopo ni dinamo kubwa, na badala ya miguu ya dereva kuna nguvu ya mto. Maji yenyewe hayana umeme. Yanachotoa ni mwendo.

Ile pete ya chuma nayo haikupotea. Vile vikasha vikubwa vya chuma vinavyokaa juu ya nguzo au kando ya njia, viitwavyo transfoma, vina bobini mbili juu ya chuma kimoja, kama pete ya Faraday. Umeme wa mitambo hii hugeuka upande upesi upesi mara nyingi kila sekunde, kwa hiyo bobini ya kwanza huishtua bobini ya pili bila kukoma. Bobini ya pili ikiwa na mizunguko michache, msukumo wa umeme hupungua. Hivyo umeme mkali wa njia kuu hupunguzwa mpaka volti 220, ufae kutumika nyumbani.

Toka kwenye transfoma umeme huingia nyumbani kwa nyaya mbili. Kwa nini mbili? Kwa sababu umeme hautembei katika njia iliyokatika. Lazima upite katika waya mmoja, upite katika taa, urudi kwa waya wa pili, kama mnyororo wa baiskeli unaokwenda na kurudi. Mnyororo ukikatika mahali pamoja tu, gurudumu halivutwi tena. Swichi ukutani ni mlango mdogo katika njia hiyo. Ukiufungua mlango kwa kukata njia, taa huzimika. Ukiunga njia, taa huwaka.

Waya wa umeme uliovuliwa ganda lake, au ulioanguka chini baada ya mvua, usiguswe kamwe. Mwili wa mtu waweza kuwa njia ya umeme kwenda ardhini, na mtu hufa mara moja. Mtoto auonaye awaite wakubwa, naye akae mbali.

9. Sanduku la radi

Mwezi wa Januari 1836 Faraday alifanya jambo lililowatisha watu. Alijenga sanduku kubwa kama chumba, upande wake meta tatu na nusu na zaidi. Lilikuwa la mbao, akalifunika pande zote kwa waya na madini membamba. Kisha akaingia ndani. Nje wakalitia umeme mwingi kwa mashine, hata cheche zikaruka kutoka pembeni. Faraday ndani hakuona dalili yo yote ya umeme, wala hakuumia.

Alionyesha hivyo ya kuwa umeme ukikaa juu ya chombo cha madini hukaa upande wa nje tu. Kisangani ni nchi ya radi nyingi. Mtu aliye ndani ya motokari yenye mwili wa chuma, milango na madirisha yakiwa yamefungwa, hukingwa na chuma kile kama Faraday katika sanduku lake. Aliye chini ya mti mrefu hana kinga.

10. Mwalimu wa watoto

Faraday alimwoa Sarah Barnard mwaka 1821. Mungu hakuwapa watoto. Lakini alipenda sana watoto wa watu. Kila mwaka wakati wa Noeli palikuwa na mafundisho ya watoto na vijana katika nyumba ile ya Royal Institution. Faraday mwenyewe aliyatoa mara 19. Mafundisho yake ya mwisho, mwaka 1860 hata mwanzo wa 1861, yalihusu mshumaa mmoja. Kwa mshumaa huo tu alieleza habari za moto, hewa, maji na pumzi ya mtu. Yakachapwa kitabu, na kitabu hicho kinasomwa hata leo katika lugha nyingi.

Wenye viwanda walimtafuta awapimie dawa na madini. Mwaka 1830 kazi hizo zilimpa zaidi ya pauni 1,000, na mshahara wake wa kawaida ulikuwa pauni 100 tu, pamoja na nyumba. Alipogundua siri ya sumaku alilazimika kuchagua. Kama angefuata fedha, asingepata nafasi ya kuuliza maswali yake. Akaziacha karibu zote. Hakuna aliyemlazimisha, naye alikuwa anaujua umaskini tangu utoto.

Alikuwa Mkristo wa kundi dogo la Waprotestanti. Kila Dominika alikwenda kusali, na aliwatembelea wagonjwa na maskini katika nyumba zao. Mara mbili aliombwa kuwa mkuu wa Royal Society, mara mbili akakataa. Alitaka kubaki Michael Faraday tu.

Aliishauri pia serikali juu ya minara ya taa inayoongoza merikebu usiku. Mwishoni mwa 1858 mnara wa South Foreland, karibu na mji wa Dover, uliwashwa kwa umeme wa sumaku zinazozungushwa. Mwanzo wa 1860 Faraday, mzee wa miaka 68, alikwenda kuikagua taa hiyo wakati wa theluji nyingi. Njia zilikuwa zimezibwa, akapita mashambani akiruka nyua. Baharini aliiona nuru iliyotoka katika swali lake.

11. Mwisho wa safari

Kwa sababu hakujua hesabu za juu, Faraday alifikiri kwa picha. Alinyunyiza unga wa chuma juu ya karatasi iliyo juu ya sumaku. Unga ukajipanga kwa mistari iliyopinda, kama maji ya mto yanavyojigawa na kuzunguka mawe ya Wagenia. Akasema nguvu ya sumaku haikai katika chuma tu. Imeenea pia mahali palipo wazi kuzunguka chuma. Wengi waliokuwa na hesabu walilidharau wazo hilo. Lakini kijana mmoja wa Scotland, James Clerk Maxwell, alilichukua, akaliandika kwa hesabu, akaonyesha ya kuwa mawimbi ya umeme yaweza kusafiri bila waya. Katika miaka ya 1880 Mjerumani Heinrich Hertz aliyafanya mawimbi hayo kweli. Redio na simu za mkononi zimefuata njia hiyo.

Faraday mwenyewe hakuyaona. Tangu alipokaribia miaka hamsini, kumbukumbu yake ilianza kumtoroka. Alisahau majina, akasahau hata majaribio aliyokwisha kufanya. Lakini aliandika yote katika daftari zake, na mafungu yake aliyahesabu kwa namba, maelfu kwa maelfu. Karatasi ikamkumbusha pale kichwa kiliposhindwa. Tabia hiyo ya kuandika alikuwa nayo tangu siku za zile tiketi nne.

Mwaka 1858 Malkia Victoria alimpa nyumba ya kukaa karibu na jumba la Hampton Court. Huko alikufa tarehe 25 Agosti 1867, ameketi katika kiti chake. Alizikwa bila fahari katika makaburi ya Highgate, London. Jiwe lake lina jina na tarehe zake, basi.

Lakini jina lake limeingia katika kazi za mafundi wote. Fundi wa redio anayefungua chombo kilichoharibika hukuta ndani yake kondensa, yaani kikopo kidogo cha kuwekea umeme. Nguvu yake ya kuweka hupimwa kwa faradi. Hivyo kila siku, Kisangani na penginepo, mafundi hulitaja jina la mwana wa mhunzi, hata wasipojua habari zake.

Maswali

1. Kwa nini Bwana Riebau hakutaka fedha za kumfundisha Michael kazi?
2. Michael alifanya nini na yale aliyoyaandika alipomsikiliza Davy?
3. Kwa nini watu walimnung'unikia Faraday baada ya mwaka 1821? Yeye alifanya nini?
4. Sumaku ikitulia ndani ya bobini, sindano hufanya nini? Na ikichomolewa?
5. Eleza jinsi dinamo ya baiskeli inavyofanana na kituo cha Tshopo.
6. Kwa nini taa huhitaji nyaya mbili?
7. Ukiona waya wa umeme umeanguka njiani utafanya nini?
8. Faraday aliacha fedha gani, na kwa sababu gani?